Kompyuta kuukuu, Linux na deni letu kwa Kiswahili

FUNDI alikigeuza kipakatalishi changu huku na huku, akakiwasha, akangoja, kisha akakifunga na kunisukumia kwenye kaunta.

"Prof, hii imezeeka," akasema. "Haiwezi kubeba Windows mpya. Ukitaka nitakutafutia ingine, halafu hii tuuze spea."

"Imeharibika nini?"

"Hakuna kitu imeharibika, mzee wangu. Imezeeka tu."

Nilikinunua kipakatalishi hicho mwaka 2011. Ndani yake mna miswada miwili ya vitabu, mihadhara ya miaka mingi na masimulizi niliyoyarekodi kwa wazee ambao wengi wao hatunao tena. Skrini ni nzima na kibodi haijapoteza hata herufi moja. Nikakitia mkobani, nikaabiri matatu ya kurudi nyumbani, na njiani kile kitenzi cha fundi kikawa kinanisumbua. Kuzeeka ni jambo linalotokea lenyewe: mwembe huzeeka, mja huzeeka. Lakini kitu kilichofanya kazi jana, na leo kinafanya kazi vilevile, kikahesabiwa kuwa kikongwe kwa sababu mtu fulani ng'ambo ameamua hivyo, hicho hakijazeeka. Kimezeeshwa. Na kila penye kitenzi cha kutendeshwa, pana mtendeshaji.

Uamuzi wenyewe unajulikana. Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, isipokuwa kwa waliojisajili kwa muda wa nyongeza. Windows 11 nayo inadai kipuri cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni. Kipakatalishi cha 2011 hakina hayo. Kwa hivyo fundi wangu hakusema uongo. Alichokosa kuniambia ni kwamba huo haukuwa uamuzi wa pekee duniani. Kwa zaidi ya miaka 20 kumekuwa na watu waliokataa kuzitupa mashine za aina hii, na historia yao inatuhusu sisi wapenzi wa Kiswahili kuliko tunavyodhani. Mimi binafsi inanihusu kwa namna ambayo sijawahi kuikiri hadharani.

Tuanze mwaka 1983. Richard Stallman alikuwa akifanya kazi katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani. Alizoea mazingira ambamo watu waligawiana programu kama majirani wanavyogawiana chumvi. Mambo yakaanza kubadilika: kampuni zikawa zinauza programu huku zikiuficha msimbo wake, yaani yale maagizo yaliyoandikwa na binadamu ili kompyuta iyatekeleze. Ukipata hitilafu, huruhusiwi kufungua na kutengeneza. Septemba 27, 1983, Stallman alitangaza kwamba angeandika mfumo endeshi mzima ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Aliuita GNU.

Hapa pana jambo la kiisimu. Kwa Kiingereza, neno moja hubeba maana ya kitu kisicholipiwa na pia maana ya kitu kisicho utumwani. Stallman amelazimika kueleza mara nyingi sana kwamba yeye anakusudia maana ya pili. Angekuwa Mswahili angepunguziwa kazi. Sisi tuna *bure* na tuna *huru*, wala hakuna anayeyachanganya. Programu ya bure unaweza kupewa leo na kunyang'anywa kesho. Programu huru ni yako kuifungua. Mwaka 1989 uhuru huo ulitiwa katika leseni iitwayo GPL, inayosema kwa muhtasari: badilisha upendavyo, lakini ukimgawia mwenzako ulichobadilisha, mpe na msimbo, naye awe na haki zile zile ulizopewa wewe.

GNU ilikuwa na vipande vingi ila ilikosa kiini, sehemu ile inayosemezana moja kwa moja na prosesa, kumbukumbu na diski. Kiini kilitoka Ufini. Mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alikuwa na kompyuta ya aina ya 386 na mfumo mdogo wa kufundishia ulioitwa Minix, kazi ya Profesa Andrew Tanenbaum. Agosti 25 mwaka huo, Torvalds aliwaarifu watumiaji wenzake wa Minix kwamba alikuwa akiandika mfumo wake mwenyewe, kwa kujifurahisha tu, na kwamba usingekuwa kitu kikubwa. Septemba akautoa. Mwaka uliofuata akauweka chini ya leseni ya GPL. Mfumo huo ndio Linux.

Wasomaji wengi huchanganyikiwa wanaposikia kwamba Linux ziko nyingi. Fikiria unga wa mahindi. Unga ni mmoja, lakini huyu atasonga ugali, yule atakoroga uji, na mwingine atauchanganya na wimbi. Linux yenyewe ni unga, na kila kundi huchukua unga huo, likaongeza mboga na viungo vyake, likampakulia mlaji. Mlo huo uliokwisha kupakuliwa wenyewe huuita distro. Slackware na Debian, mbili kati ya distro kongwe zinazoishi hadi leo, zote zilizaliwa mwaka 1993. Jina Debian lilitokana na majina mawili, Debra na Ian: Ian Murdock aliyeianzisha, na mchumba wake wa wakati huo.

Sasa tuje kwenye wepesi. Kompyuta za miaka hiyo zilikuwa na uwezo mdogo, na Linux ilizitosha. Kadiri mashine zilivyoongezewa nguvu, ndivyo hata distro za Linux zilivyonenepa: picha zenye vivuli, madirisha yanayopepea, programu kadha wa kadha zinazonguruma chinichini bila mwenyewe kujua. Mwenye mashine mpya hakujali. Mwenye mashine ya zamani akaachwa njiani.

Hapo ndipo leseni ile ilipoonyesha thamani yake. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, aliyeachwa njiani hakuhitaji kumpigia mtu magoti. Mfaransa Olivier Fourdan alikuwa ameanza Xfce, mazingira mepesi ya kazi, tangu 1996. Mwaka 2003 huko Australia, Barry Kauler alitoa Puppy Linux, distro ndogo iliyoweza kupakiwa yote katika kumbukumbu ya RAM, hata kompyuta isiyo na diski ikafanya kazi. Jina alilipata kwa mbwa wake. Mwaka 2006 kule Taiwan, Hong Jen Yee alianzisha LXDE, mazingira mengine yaliyopunguzwa mafuta, ambayo baadaye yalitumiwa kuunda Lubuntu. Mwaka huo huo Clement Lefebvre alianzisha Linux Mint, iliyolenga mtu wa kawaida asiyetaka kuandika amri ngumu ngumu. Kutoka Ugiriki ikaja antiX, ambayo haioni haya kuishi katika kompyuta ambazo wengine wameshazizika.

Lakini distro iliyolivuma zaidi jina la Linux kwa watu wa kawaida ilitoka kwa mwana wa Afrika. Oktoba 2004, Mark Shuttleworth, tajiri wa Afrika Kusini, alitoa Ubuntu. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, kampuni yake ilimtumia yeyote aliyeomba diski za CD kwa posta bila malipo.

Jina hilo si geni kwetu. Mzizi wake ni *-ntu*, ule ule ulioko katika *umuntu* ya Kizulu, *mũndũ* ya Gĩkũyũ na *omundu* ya Kiluhya. Kiswahili kimeidondosha /n/ iliyotangulia /t/, kikabakia na *mtu*, *kitu* na *utu*. Kwa hivyo anayetamka Ubuntu anatamka utu, apende asipende. Nilipoligundua hilo nilifurahi sana, nikalifanya mfano katika mihadhara yangu ya fonolojia. Nikaishia hapo. Na sasa nifike kwenye ungamo langu.

Desemba mwaka huo huo wa 2004, mradi ulioitwa Kilinux, wenye makao katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Ungeweza kuandika barua, kupiga hesabu za duka na kuandaa maonyesho ya hotuba, huku menyu zote zikikuelekeza kwa lugha yako. Waliofanya kazi hiyo hawakumwomba mtu ruhusa. Msimbo ulikuwa wazi, wakauchukua, wakatafsiri. Uhuru uliomwezesha Kauler kuipunguza Linux ili iishi katika mashine kongwe ndio uliowawezesha Watanzania hao kuifundisha kompyuta Kiswahili.

Habari hizo zilifika hadi kwetu. Mwaka 2006 wanafunzi wanne wa shahada ya kwanza walinijia ofisini. Walikuwa wameanza kutafsiri maneno ya distro moja nyepesi waliyotaka kuipeleka katika shule za vijijini kwao. Walikuwa na orodha ya maneno 300 na ushei. Walichotaka kwangu ni kidogo: niipitie, niseme lipi linafaa na lipi halifai.

Niliitisha mkutano. Nikaitisha wa pili na wa tatu. Suala likawa kompyuta iitweje. Mimi nilisimama kidete na *tarakilishi*, neno lililotokana na tarakimu na akili, na ambalo nilidhani lingeonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kujitegemea. Mwenzangu mmoja akang'ang'ania *ngamizi*. Wale vijana walikuwa wameandika *kompyuta*, kwa sababu, walisema, ndivyo watu wanavyosema. Tukageukia kile kifaa cha kuelekezea mshale: je, ni *puku* au *kipanya*? Muhula ukaisha. Mimi niliandika makala kuhusu mjadala huo, nikaiwasilisha katika kongamano, nikapigiwa makofi. Vijana wale walihitimu wakaenda zao. Orodha haikufika shule yoyote.

Katika miaka hiyo yote, tarakilishi yangu niliyoipigania iliendelea kuninenea Kiingereza mchana kutwa, nami sikuona ajabu.

Nilipotoka kwa fundi nilimpigia simu mmoja wa wale wanne. Siku hizi ni mwalimu katika shule ya msingi ya kijijini. Nilimweleza yaliyonipata, akacheka. "Leta hiyo mashine, Mwalimu. Huku tuko na zingine zimezeeka kuishinda."

Nikaenda. Shule yao ilikuwa imepewa na wahisani kompyuta 11 zilizotumika, nazo zilikuwa zimefunikwa turubai tangu zianze kukwama. Tukashinda hapo Jumamosi nzima. Kipakatalishi changu, chenye gigabaiti 4 za RAM, kikatiwa Linux Mint ya Xfce. Kompyuta za shule zenye gigabaiti 2 zikapewa Lubuntu. Zile dhaifu kabisa, zenye gigabaiti moja, zikapewa antiX. Kufikia jioni 8 kati ya 11 zilikuwa zinafanya kazi. Tatu zilikuwa zimekufa kikweli, si za kuzeeshwa, nazo zikatoa vipuri.

Msomaji anayetaka kujaribu, nimpe niliyojifunza siku hiyo. Kwanza, nakili kazi zako zote mahali pengine kabla hujagusa chochote, kwani kusakinisha mfumo mpya kunaweza kufuta kila kitu. Pili, si lazima uoe siku ya kwanza ya kuonana. Distro nyingi huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kubadilisha kitu katika diski. Jaribu hivyo, uone kama sauti, Wi-Fi na printa zinaitika. Tatu, wepesi wa mfumo hauufanyi mtandao kuwa mwepesi. Ukifungua tovuti 15 kwa pamoja zilizojaa video, mashine ya gigabaiti 2 itapiga magoti tu. Nne, hati zilizoandikwa katika Word hufunguka katika LibreOffice, ila mpangilio wake unaweza kuteteleka hapa na pale, kwa hivyo kagua kabla hujatuma. Tano, muda hausubiri. Kompyuta za biti 32 zinaanza kuachwa hata na watu wa Linux. Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haisakinishwi tena katika mashine hizo. Msimbo ukiwa huru huzuia mtu kukunyang'anya, ila haumlazimishi mtu kuendelea kukutengenezea.

Jumatatu watoto wa Gredi ya Tano waliingia. Mwalimu wao alinisimulia kwamba waliizoea mashine haraka, isipokuwa kwa jambo moja. Kila dirisha lilipojitokeza likiuliza swali kwa Kiingereza, waliinua mikono: "Mwalimu, hii inasema nini?" Ni watoto wanaosoma Kiswahili vizuri. Wangejijibu wenyewe.

Niliifungua mipangilio ya lugha katika kipakatalishi changu nikachagua Kiswahili. Sehemu chache zikabadilika na nyingi zikabaki zilivyokuwa, nusu mkate nusu nyama. Hakuna aliyetukataza kuzimalizia. Maneno ya programu hizi huhifadhiwa katika faili za kawaida: mstari wa Kiingereza, na chini yake nafasi ya tafsiri. Asiyejua kuandika msimbo anaweza kujaza. Nafasi hizo zimetungoja miaka 20.

Tena kazi hiyo inawahitaji wanaisimu. Chukua sentensi ya kuarifu kwamba kitu fulani kimefutwa. Kwa Kiingereza mwanaprogramu huandika kitenzi kimoja, akaacha pengo la kuchomeka nomino yoyote. Kwa Kiswahili mambo hayaendi hivyo. *Picha imefutwa*, *faili limefutwa*, *kitabu kimefutwa*, *ujumbe umefutwa*. Upatanisho wa kisarufi unalivunja pengo lile. Inabidi mtu anayezijua ngeli akae na mwanaprogramu wapange upya sentensi, au watafute muundo unaoukwepa mtego huo. Hili ni tatizo la kweli la kisintaksia, lenye mtumiaji wa kweli anayelingoja darasani. Laiti ningelitambua mwaka 2006, ningewapa wanafunzi wangu walifanyie tasnifu badala ya kuwafungia katika mikutano.

Sisemi kwamba istilahi si muhimu. Nimeishi kwa kuzifundisha. Lakini istilahi hukomaa kwa kutumiwa. Neno lililoko katika menyu ya kompyuta ya mtoto wa Gredi ya Tano litajulikana lina nguvu au halina katika wiki moja. Neno lililoko katika makala yangu ya kongamano halijasomwa na mtu tangu siku ile ya makofi.

Orodha ya wale vijana ninayo bado. Nilikuwa nimeihamisha kutoka kompyuta hadi kompyuta bila kuifungua, ikawa miongoni mwa yale ambayo fundi angeyauza pamoja na spea. Sasa tumeifungua. Tuko watu watano: mimi, yule mwalimu, na wanafunzi watatu wa uzamili niliowashawishi. Kila mmoja hutafsiri mistari 20 kwa wiki, na Jumamosi jioni tunapitia kazi kwa simu. Tumeanza na maneno wanayokutana nayo watoto wale kila siku: hifadhi, funga, chapisha, futa, je una uhakika?

Jumamosi iliyopita tulifikia mstari unaouliza kama mtumiaji anataka kuizima mashine. Mwalimu alikuwa ameandika: "Unataka kuzima kompyuta?" Nikavuta pumzi. Kule kwenye simu wote wakanyamaza, maana wananijua.

"Iache hivyo," nikasema. "Twende mstari unaofuata."